Usiniambie "maharage", niambie maharage gani

Sisi vijana wa mjini tuna tatizo na maharage. Sizungumzii tatizo la tumbo, ingawa na hilo lipo. Nazungumzia tatizo la jina. Nenda genge lolote la Sinza au Mwenge jioni watu wanapotoka kazini, simama dakika kumi, sikiliza. Mshikaji anayeweza kutofautisha simu tatu za kampuni moja kwa kuangalia kona ya kioo tu, akifika gengeni anasema: "Nipimie maharage nusu." Maharage gani? Hajui, na wala hajawahi kuulizwa. Muuzaji naye ni mfanyabiashara, si mwalimu, kwa hiyo anachota kwenye gunia lililokaa muda mrefu kuliko yote. Mteja anafika nyumbani anayachemsha saa tatu, mkaa unaisha, anatupia magadi kwa hasira, nje yanakuwa uji na ndani mawe. Halafu kesho anakwambia maharage yanachosha, bora chipsi mayai. Hayachoshi, ndugu yangu. Umeuziwa wazee!

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tumechukua ukoo mzima wa vyakula, wenye majina, tabia na mapishi yake, tukaupa jina moja, halafu hilo jina moja nalo tukalidharau. "Mboga ya shule." "Wali maharage wa mwisho wa mwezi." Nasema hii si hasara ya lugha peke yake. Ni hasara ya pesa, na anayeilipa ni mkulima ambaye wewe na mimi hatumjui.

Mkulima mwenyewe nimfuate Goweko. Wengi wenu mmepita pale mkiwa mmelala. Ni stesheni ya Reli ya Kati, wilaya ya Uyui, ukitoka Dar unaikuta baada ya Nyahua, kisha Igalula, kisha Tabora mjini si mbali. Reli ile Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912, lakini watu walikuwa wanapita nchi hiyo zamani kabla ya reli. Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa inakatiza Tura na Kigwa kuelekea Tabora, Wanyamwezi wakiwa wapagazi, na Stanley naye alipita njia hiyohiyo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Hebu fikiria mamia ya watu wanatembea kwa miguu miezi mitatu. Wanakula nini? Hakuna friji, hakuna makopo. Wanakula kile ambacho kijiji kilicho mbele kimehifadhi na kinakubali kukibadilisha kwa nguo na shanga: nafaka na jamii ya kunde. Vitabu vya historia vinatuambia sana kuhusu pembe za ndovu na watumwa, ambayo ni haki yake, lakini mara chache vinatuambia nani aliwalisha wote hao. Waliwalisha wakulima wa maeneo kama haya.

Nilipokuwa pale nilikaa na bibi mmoja anayepanga vyakula vyake chini, juu ya kiroba kilichopasuliwa. Alikuwa na vifungu vitano: njugu mawe, choroko, kunde, karanga na maharage. Nikamwamkia, nikamuuliza maharage analima yeye. Akacheka.

"Haya ya Kigoma, mwanangu. Sisi hapa maharage hayatupendi."

"Sasa bibi, kama hayawapendi, unayauza ya nini?"

"Si mnayataka nyie? Na shule nayo inayataka. Mjukuu wangu ameambiwa apeleke mahindi na maharage. Nikasema nina njugu, nina kunde, wachukueni hizo. Wakasema hapana, imeandikwa maharage."

Nilibaki nimeduwaa. Bibi ana chakula shambani kwake, analazimika kukiuza ili apate hela ya kununua chakula kilichotoka mkoa mwingine kwa reli, ampelekee mjukuu shuleni, kwa sababu karatasi imeandikwa neno moja. Simlaumu mwalimu, huenda na yeye kaletewa karatasi. Nalilaumu hilo neno.

Maana ukweli ni kwamba maharage ni mgeni. Asili yake ni Amerika, kuanzia Mexico mpaka milima ya Andes, yakaletwa huku baada ya Wareno kuanza kuzunguka Bahari ya Hindi na Atlantiki. Yalipopata nchi yenye baridi na mvua za kutosha, Mbeya, Kagera, Kigoma, Arusha, Kilimanjaro, yakastawi mpaka yakajiona wenyeji. Lakini mchanga wa Unyamwezi wenye joto na mvua moja kwa mwaka si mahali pake. Kunde ndiyo Mwafrika halisi. Njugu mawe naye ni Mwafrika, nyumbani kwake Afrika Magharibi. Na ukitaka ushahidi kwamba wenye lugha hii walijua nani mkubwa, angalia kitu kimoja: wataalamu wetu wa kilimo wanapotaka kuutaja ukoo mzima, maharage, choroko, mbaazi, dengu na wengine wote, wanasema "jamii ya mikunde". Hawasemi jamii ya maharage. Ukoo una jina la kunde. Sisi wa mjini tumeenda kumpa mgeni kiti cha baba mwenye nyumba.

Na kunde yenyewe tunaijua? Watu wa Dar wengi wanaijua kama majani tu, mafungu ya mia tano yale. Tabora kunde ni mazao matatu kwenye mmea mmoja. Majani yakiwa machanga yanapikwa na karanga za kusaga (huku nazi si ya kwetu, karanga ndiyo nazi yetu), yakizidi yanakaushwa, yanaitwa nsansa, yanaliwa kiangazi wakati mchicha umekuwa wa kununua. Maganda mabichi yanachemshwa na chumvi. Kunde kavu zenyewe zinapikwa na mahindi, hilo ndilo kande, na Zanzibar na pwani zinalowekwa, zinamenywa, zinasagwa, zinakaangwa bagia. Mtu anayekula urojo Forodhani na kuuliza mbona bagia za leo nzito huwa hajui kwamba siku nyingine bagia ni ya kunde na siku nyingine ni ya unga wa dengu. Ni vitu viwili tofauti kabisa!

Sasa njugu mawe. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Hii ni mbegu inayozaa chini ya ardhi kama karanga, lakini haina mafuta mengi kama karanga. Ina protini karibu asilimia 20, wanga wa kutosha, yaani ni mboga na ugali ndani ya ganda moja. Inavumilia ukame na udongo mchovu ambao maharage yangekufa siku ya tatu. Mavuno yakianza zinachemshwa mbichi na maganda yake, na chumvi, mnakaa kwenye mkeka mnabangua mnapiga stori. Zikikauka ndipo zinapata hilo jina la mawe, na kweli ni mawe: ukilala bila kuziloweka, kesho usimwalike mgeni wa saa saba. Pwani wanazipika na nazi kwa futari, na aliyewahi kuonja njugu za nazi zilizopikwa vizuri hawezi kuniambia habari za maharage ya kopo. Kwenye supamaketi za Dar umewahi kuziona zimepangwa mahali pa heshima? Mimi naona dengu za kopo kutoka nje, zimeandikwa kwa Kiingereza, bei ya kukutoa jasho.

Tukija kwenye majina ndipo kizaazaa kinapoanza. Nina rafiki Mkenya alikuja Dar akaingia mgahawani akaagiza "ndengu". Mhudumu akaenda jikoni, akarudi, akamwambia dengu hakuna ila kuna choroko. Jamaa akasikitika, akaagiza kuku. Kumbe alichokuwa anakitaka ni choroko zilezile! Kwao Nairobi, ndengu ni kile kijani kidogo sisi tunachokiita choroko, na sisi dengu ni ile yenye kichwa kama cha kifaranga, wanayolima Shinyanga na Simiyu kwenye mbuga nyeusi mvua zikiwa zinaondoka. Mombasa hizo choroko wanaziita pojo, Zanzibar utasikia chooko. Adesi ya Zanzibar ndiyo kamande ya Mombasa. Fiwi za pwani usiziulizie Arusha, huko wana ngwara, nazo zikivuka Namanga zinageuka njahi, chakula cha heshima cha Wakikuyu, mama akijifungua lazima apikiwe. Mkulima wa Arusha hali ngwara sana, analima kwa sababu jirani anaijua kwa jina na analipia hilo jina. Umeona jina linavyofanya kazi?

Na ukishamaliza ukoo, hata maharage yenyewe siyo kitu kimoja. Kenya hata mama wa kijijini atakwambia anataka Rosecoco, Wairimu, Mwitemania, au Mwezi Moja, na kuna yanayoitwa Nyayo, ambayo hayahitaji maelezo kwa aliyeishi enzi za mzee Moi. Kwetu pia yapo, ila yamebaki midomoni mwa wakulima na wachuuzi. Kuna Lyamungo 85 na Lyamungo 90, Selian 94 na 97, Uyole 84, 94, 96, majina ya vituo vya utafiti na miaka yake, kama wanafunzi waliomaliza shule. Kuna Jesca na Wanja, kama dada zetu. Kuna kablanketi, yale ya zambarau ya kuchanganyika ambayo watu wa Nyanda za Juu Kusini wakiyakosa wanahisi wamefiwa: yanaiva haraka, mchuzi wake mzito wenyewe bila kuungwa sana. Kuna ya njano, yenye utamu wake, haya ukiyapika na nazi usiongeze nyanya nyingi utayaharibu. Kuna makubwa mekundu yenye madoa, mazuri kwa wali. Halafu kuna "maharage ya soya", ambayo si soya hata kidogo! Ni maharage ya kawaida yenye rangi fulani ya kahawia iliyofifia. Soya halisi ni mmea mwingine, ule wa unga wa uji wa lishe. Nimeshawahi kumwona dada mmoja anayapeleka mashineni yasagwe ya uji wa mtoto kwa sababu ameambiwa soya ni nzuri. Hili si la kuchekwa, maana maharage mabichi yana sumu yake ya asili inayokufa kwa kuchemshwa sawasawa, angalau dakika kumi za mchemko mkali, na uji wa haraka hauwezi kazi hiyo.

Kwa hiyo jina ni usalama, jina ni muda wa kupika, jina ni mkaa. Na jina ni bei, hebu twende huko.

Mnakumbuka mbaazi mwaka 2017? Wakulima wa Mtwara, Lindi na Manyara walikuwa wamehamasishwa, walilima kwa nguvu, kwa sababu mwaka uliotangulia bei ilikuwa tamu. Mwezi Agosti India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini kwao kwa mwaka. Bei huku ikaanguka kama embe bovu. Magunia yakalala ndani. Ndugu zangu, tulifanya nini sisi watu wa mijini, mamilioni yetu? Tulitoa maoni. Tulisema serikali itafute soko. Hakuna aliyesema "lete mbaazi huku tuzile". Tungesemaje, wakati nusu yetu hatujui mbaazi inapikwaje? Tanga, Zanzibar na Mombasa, mbaazi za nazi na mahamri ndiyo chai ya asubuhi, watu wanapanga foleni. Morogoro ukivuka kuelekea bara, mbaazi inakuwa "zao la Wahindi". Zao ambalo wenye nchi hawalili, bei yake inapangwa New Delhi. Sioni fumbo hapo.

Halafu angalia serikali inaviitaje vyakula hivi. Sheria ya mwaka 2009 ilituletea Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko. Mchanganyiko! Pamba ni pamba, kahawa ni kahawa, korosho ina bodi yake, tumbaku ina bodi yake na Tabora nzima inaijua. Lakini choroko na njugu za yule bibi ni "mchanganyiko", kama nguo za mtumba. Kisheria huenda ina mantiki, siwezi kuunda bodi ya kila punje. Ila kijijini matokeo yake unayaona. Mkulima wa tumbaku ana daraja la kila jani, anajua lipi linalipwa zaidi na kwa nini. Mkulima wa njugu mawe anauza kwa sado au kwa debe, zile nyeupe, nyekundu na zenye jicho jeusi zimechanganywa pamoja, mnunuzi anatia kwenye lumbesa anaondoka. Angezitenga kwa rangi angepata nini zaidi? Leo hapati kitu. Nani mjini atamuuliza nyeupe au nyekundu?

Najua wapo watakaosema mimi ni mtu wa kutamani mambo ya zamani, na kwamba njugu mawe zinakula mkaa kuliko hata hayo maharage ninayoyasema. Kuhusu mkaa ni kweli, na ni hoja nzito hasa Tabora, ambako misitu ya miombo imeshakatwa kukaushia tumbaku. Lakini choroko haziombi mkaa mwingi, hazihitaji hata kulowekwa, ndani ya saa moja zimeiva. Kunde vivyo hivyo ukiziloweka usiku. Na njugu mawe zikilala kwenye maji, ukayamwaga yale maji, ukachemsha na maji mapya, muda unapungua na tumbo nalo linakushukuru. Magadi yaache. Yanalainisha, ndiyo, lakini yanaua vitamini B1 na kuharibu ladha, na mara nyingi unayahitaji kwa sababu tu umeuziwa mbegu ya mwaka juzi.

Wengine watasema soko huria lenyewe litaamua. Sawa, ila soko ni sisi. Soko haliwezi kuuliza kablanketi kama mdomo wako haujui neno kablanketi.

Mimi nina mambo mawili tu ninayoyataka, si makubwa. La kwanza ni la shule. Kwenye hizo karatasi za michango ya chakula cha wanafunzi, lifutwe neno "maharage" liandikwe "jamii ya mikunde inayopatikana kijijini". Maneno matano, hayahitaji mfadhili wala semina ya siku tatu hotelini. Goweko watoto watakula kunde na njugu mawe, Mbulu watakula ngwara, Newala watakula mbaazi, na Mbeya waendelee na maharage yao. Halmashauri inaweza kulifanya hilo bila kusubiri Dodoma.

La pili ni lako wewe unayesoma hapa ukiwa ofisini. Jumamosi ukienda sokoni, iwe Tandale, Kisutu, Mwanjelwa au Kirumba, usiseme nipimie maharage. Uliza: haya yanaitwaje, yanatoka wapi, ni ya mwaka huu? Utaona muuzaji anavyokuangalia mara mbili. Wa kwangu wa Mwananyamala siku hizi ananitengea choroko kabla sijafika, na juzi aliniambia amepata njugu mawe za Tabora, nyeupe tupu, zimechaguliwa. Alizidisha shilingi mia tatu kwa kilo. Nikalipa. Kama hata mia moja kati ya hizo ilirudi Uyui sijui, lakini kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu cha kuzidishia bei.

Zimelowa toka jana usiku, naziweka jikoni sasa hivi: maji mapya, kitunguu, na tui zito la mwisho chumvi ikishakolea. Kwenu mnazipika na nini, na zile fiwi mnaziitaje?